Kiti Namba Saba A

"Gunia likija limejaa, usiliguse. Lifuate."

Ujumbe wa bosi wake ulikuwa huo tu. Mackrine aliusoma mara moja, akaufuta, akairudisha Thuraya, simu yake ya setilaiti, kwenye mkoba wake wa kitenge.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mto Kagera haukuonekana kwa ukungu, ulisikika tu. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya shamba la migomba, chini kidogo ya Murongo, umande ukimdondokea shingoni. Machoni darubini ya Nikon. Kiunoni Beretta. Shavuni punje moja ya kahawa ya kutafuna.

Hakuitafuna. Ilikuwa na siku yake.

Mtumbwi ulichomoka kwenye ukungu kutoka ng'ambo ya Uganda. Ukagusa mchanga. Wanaume wanne wakaruka.

Gunia la kwanza. La pili. La tatu.

Mgeni asingeona kitu. Kahawa ni kahawa, na huku kila ua lina kahawa imeanikwa. Lakini Karagwe na Kyerwa yote inajua, hata mtoto wa chekechea anajua: kahawa haivuki kuja huku. Kahawa huvuka kwenda. Tangu enzi za mababu inapenya mtoni kwenda kutafuta bei ng'ambo, na magunia hurudi matupu, yamekunjwa kwapani. Gunia linalorudi limejaa ni sawa na maji kupanda mlima.

Aliyepanga mzigo huu alikuwa mzaliwa wa Ndama, kwa hiyo hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa kujua sana. Alijiambia: askari wa mpakani macho yao yote yako kwenye kahawa inayotoka, nani atahangaika na inayoingia? Akayasahau macho ya mwanamke aliyekua anaanika kahawa uwani kwa mama yake, Ihembe, akifukuza kuku kwa fimbo.

"Eliud," alimnong'oneza mwenzake wa kazi kwenye kipaza sauti cha kolani.

"Naam, dada."

"Magunia sita. Kila moja wanaume wawili."

"Mama wee! Kahawa gani ya kubebwa na wawili? Wamebeba maiti?"

"Wamebeba maiti za kesho."

Mbebaji mmoja akateleza kwenye tope. Gunia likachanika pembeni. Kahawa ikamwagika, na katikati ya kahawa kikabiringika chuma cha duara, king'aacho kama sahani mpya.

Beringi.

Mzee mrefu mwenye kofia ya pama akakiokota. Akakifuta kwa leso polepole, kama anayempangusa mtoto kamasi, akakitia mfukoni. Kisha akamtandika mbebaji kofi.

Rwegoshora, mwenye mzigo. Amekuja mwenyewe.

Mackrine akavuta pumzi mpaka chini ya tumbo. Kisasi ni kama rubisi, pombe ya ndizi: ukikifunua kabla ya siku yake unakunywa juisi. Na yeye alikuwa amekifunika miaka miwili.

*

Miaka miwili nyuma, mdogo wake Placidia alipanda ndege kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Alikuwa anakwenda Mwanza kuchukua gauni la harusi. Ndege ya kampuni ya Enyange Air, ya viti kumi na tisa. Alipiga simu kabla mlango haujafungwa.

"Mackrine we! Kiti kinazama kama godoro la askofu! Miguu nimenyoosha yote. Nina kidirisha changu peke yangu, saba A. Ila mkanda wa baridi huo, utafikiri nimefungwa nyoka."

"Punguza kelele, watu wanakuangalia."

"Waache waangalie. Mimi si nimelipa?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Dakika arobaini baadaye ndege ilikuwa kilimani, vipande. Watu wote kumi na tisa. Wachunguzi walikuta beringi ya pangaboi imesagika kama muhogo mkavu. Ilikuwa imeng'olewa kwenye ndege iliyochakaa, ikasuguliwa, ikapigwa mhuri mpya, ikauzwa ndani ya boksi jipya lenye cheti cha uongo.

Tangu siku ile mama yao, Benadeta, akisikia ndege inapita anaacha jembe, anaingia ndani, anafunga mlango mpaka mlio uishe.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, mtu mfupi aitwaye Athanasi alifika Ihembe. Alikuwa bosi wa kitengo kisicho na kibao mlangoni.

"Binti, umesoma mpaka wapi?"

"La saba, mzee."

"Unaweza kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Umevaa soksi za rangi mbili, mzee. Na gari umeliacha kule kwa mzee Lameck ili tusione namba zake."

Athanasi aliinama akatazama miguu yake. Wiki iliyofuata Mackrine alikuwa mafunzoni.

Walimfundisha bastola, redio na kuvunja mkono wa mtu bila kelele. Kisha wakamrudisha Kayanga na kumfungulia kibanda cha kuuza tiketi za ndege. Miezi minane alikaa nyuma ya kaunta, anatabasamu, anaangalia. Kwa sababu Rwegoshora, muuza vipuri kwa makampuni ya ndege ya nchi nne aliyeshukiwa kuiuza beringi ile, tiketi zake alinunua pale.

Mzee alipenda raha kuliko waliozaliwa nayo.

"Binti, ya leo ndege gani?"

"Dash 8, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe safu za mbele, mbali na mapangaboi. Magoti yangu hayataki kelele."

"Magoti yanasikia, mzee?"

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Siku nyingine ilikuwa Airbus, akauliza kama mto wa shingo upo. Siku nyingine Caravan, akasema inamrusha kama mbuzi aliyefungwa kwenye baiskeli. Lakini ndege yake kipenzi ilikuwa moja ya Enyange Air, mpya, nyeupe, viti vya ngozi. Watu waliibatiza Bibi Harusi.

Kisha Bibi Harusi akapelekwa matengenezo. Aliporudi, Rwegoshora akamkataa.

"Mgongo wangu hautaki ngozi."

Akamkataa tena. Mara ya tatu, Ijumaa iliyopita, hapakuwa na ndege nyingine. Mzee yule asiyeweza kukaa bila mto wa shingo akaenda kupanda basi la Dar es Salaam, safari ya kutwa kucha.

Mackrine alifunga kibanda, akapiga simu.

"Mzee Athanasi. Bibi Harusi ana beringi zake."

"Umejuaje?"

"Mgongo wa Rwegoshora umeniambia."

Athanasi akasema, "Mzigo wake uliopita ulikuwa na beringi kumi na mbili. Kama mbili ni za Bibi Harusi, kumi ziko angani, chini ya viti vya watu. Haandiki popote, zote ziko kichwani mwake. Na mimi siwezi kufunga anga la nchi nne kwa sababu ya mgongo wa mzee mmoja. Nataka atamke."

*

Saa moja na dakika kumi, Hilux nyeusi iliacha mto ikashika barabara ya Kaisho. Magunia sita nyuma, mikungu ya ndizi juu yake. Rwegoshora mbele, na dereva wake ambaye pia alikuwa mlinzi.

Nyuma yao, mita mia tatu, pikipiki Boxer. Eliud usukani. Mackrine amekaa upande kama mke wa mtu anayepelekwa kliniki.

"Dada, wametuona."

"Hawajatuona."

Kioo cha pembeni cha Boxer kikapasuka.

"Sasa?" Eliud akauliza.

"Sasa wametuona. Kaza!"

Risasi ya pili ikapita sikioni kama nyuki. Vumbi jekundu. Hilux inakata kona, Boxer inakata nayo. Mama mmoja aliyebeba kuni akaruka mtaroni akiwatukana kwa Kinyambo safi, ukoo kwa ukoo.

Eliud akabonyeza redio kwa kidevu. "Mjomba Ahabwe! Fungua!"

"Ng'ombe wangu wana mimba," ikajibu sauti ya mzee. "Msije mkanitishia."

"Mjomba, fungua tu, tafadhali waitu!"

"Nimeshafungua. Mnachelewa nyie."

Hilux ikaibuka juu ya kilima na kukuta barabara haipo. Palikuwa na pembe. Ng'ombe mia na ushee wa pembe ndefu, wamejaa kutoka mtaro hadi mtaro, wanatembea kama matajiri wanaotoka kanisani. Breki zikalia. Gari likaserereka, likaingiza tairi mbili mtaroni, likazima.

Mlinzi akatoka na bastola mkononi.

Mackrine alikuwa ameshashuka. Goti moja chini.

Risasi moja.

Bastola ya mlinzi ikaruka, na kidole chake kikaenda nayo. Eliud akamrukia akamfunga pingu kabla hajamaliza kulia. Ng'ombe mmoja aligeuka, akamtazama, akaendelea kula majani.

Mackrine akafungua mlango wa abiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," ilimtoka Rwegoshora kabla hajaiona Beretta. Mazoea ni mazoea. Kisha macho yakamtoka. "Wewe... si binti wa tiketi?"

"Ndiye. Leo una safari."

Akampekua. Akaitoa ile beringi mfukoni mwake, akaitazama, akaitia kwenye mkoba. Rwegoshora akaanza kutabasamu. Alikuwa mtu wa kushtuka mara moja tu.

"Utanishtaki kwa lipi? Vyuma vya trekta? Kesho saa hizi nipo nyumbani nakula ndizi za ebitoke."

"Beringi kumi za mzigo uliopita ziko kwenye ndege gani?"

"Uliza kitu chenye akili, binti. Wewe muuza tiketi ulitumwa na nani?"

"Nilitumwa na abiria."

Hakuelewa. Hakuelezwa.

*

Kiwanja cha ndege cha nyasi, upande wa Ihanda. Saa tatu na dakika thelathini na tano.

Walimteremsha garini, pingu zimefichwa chini ya koti. Alitembea mwenyewe, kifua mbele, mpaka alipoinua uso.

Nyeupe. Mkia mwekundu. Ngazi imeshushwa.

Bibi Harusi.

Akasimama hapo hapo.

"Hiyo hapana," alisema.

"Viti vya ngozi, mzee. Magoti yatanyooka."

"Nipelekeni kwa gari. Nipelekeni hata na Fuso!"

"Ulisema huna kesi. Mtu asiye na kesi tunamsafirisha kwa raha."

Ndani abiria walikuwa wameshakaa, kumi na saba. Wanaume wenye suti za Jumapili. Wanawake wa kwaya, sare za zambarau. Mama mnene mwenye kikapu cha maparachichi mapajani. Wakamwitikia salamu kwa upole, kama wasafiri wanavyoitikia.

Mackrine akamkalisha saba A, upande wa dirisha. Akamvutia mkanda, akaubana. Yeye akakaa saba B.

Mlango ukafungwa.

"Mabibi na mabwana," ilisema sauti ya Kapteni Verdiana, tulivu kama ya mama anayefundisha katekisimu. "Safari yetu ya Mwanza ni dakika hamsini. Hali ya hewa ni nzuri. Legezeni viatu, mjisikie mko nyumbani."

Injini ya kushoto ikanguruma. Ya kulia ikafuata. Mapangaboi yakawa duara la kijivu.

Mackrine akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakisogeza.

"Karibu, mzee. Mgeni hupewa kahawa kwanza."

Kwa watu wa Ndama, kuikataa kahawa ya mwenyeji ni kumtangazia uadui, na Rwegoshora alilelewa hivyo. Akanyoosha mikono yenye pingu. Akachota, punje zikamwagikia magotini.

Ndege ikaanza kusogea.

"Washushe hawa watu," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Washushe, nakwambia."

"Ndege ina nini, mzee? Ina makelele?"

"Na wewe utakufa, mjinga!"

Mackrine akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila tabasamu la kaunta.

"Mimi nilikufa miaka miwili iliyopita. Nilikuwa namsubiri mwenzangu wa safari."

Bibi Harusi akafika mwisho wa kiwanja, akageuka. Mbele yao nyasi zilinyooka hadi bondeni. Injini zikapandishwa sauti. Viti vikatetemeka. Mama wa maparachichi akafumba macho akaanza kusali.

Jasho lilimtiririka Rwegoshora hadi kwenye kola.

"Kumi ziko wapi?"

"Simamisha kwanza!"

"Tamka kwanza."

Breki zikaachiwa. Ndege ikajirusha mbele.

"Mbili ziko Kigoma!" alipiga kelele. "Ndege ya mizigo, ya mkia wa kijani! Mbili Entebe, ile ndogo ya watalii! Simamisha!"

Ndege ikapunguza. Haikusimama. Kwenye kitambaa cha kuegemea kichwa, ndani ya mshono, kipaza sauti kidogo kama tembe ya mseto kilikuwa kinakunywa kila neno.

Kwenye kidude cha sikioni mwa Mackrine, Athanasi alisema, "Kigoma imezuiwa. Entebe imezuiwa. Endelea."

"Hizo nne, mzee."

"Mbili Bujumbura, ya madaktari. Mbili Kigali, ya kukodi, ya yule mwenye hoteli."

"Nane."

Rwegoshora akageuzia uso dirishani.

Injini zikapanda tena.

"Mwanza!" Sauti ilikatika kama ya mtoto. "Mbili za mwisho ziko Mwanza. Enyange, ya mistari ya bluu. Ya saa nne kwenda Bukoba."

Mackrine akatazama Casio yake.

Saa tatu na dakika hamsini na nane.

"Mzee Athanasi, umesikia?"

"Nimesikia. Mlango wao umefungwa. Wanasogea."

"Wana watu wangapi?"

"Kumi na tisa."

Kumi na tisa. Mackrine aliikamata mikono ya kiti mpaka kucha zikazama kwenye ngozi. Alimsikia Athanasi akifoka kwenye simu nyingine, akimwita mtu wa mnara wa kuongozea ndege. Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Mkwaruzo. Sauti ya mbali.

Mackrine akahesabu moja hadi kumi na tisa.

"Imesimama," Athanasi alisema. Akavuta pumzi. "Imesimama, Mackrine. Wanashusha ngazi."

Mackrine akagonga ukuta wa ndege mara mbili.

Injini zikazimwa.

Mama wa maparachichi akaacha kusali, akaingiza mkono kikapuni, akatoa pingu za miguu. Wanakwaya wakasimama pamoja. Chini ya sare za zambarau kulikuwa na mikanda ya askari, na ndani ya kila suti ya Jumapili bastola.

Rwegoshora aliwatazama mmoja mmoja.

Kapteni Verdiana akachungulia kutoka chumba cha rubani. "Abiria mpendwa, samahani kwa usumbufu. Kiti kilikuwa kizuri?"

Mackrine akafungua mkoba. Akamwekea mapajani beringi mbili nyeusi kwa grisi. Ile ya mtoni haikuwamo.

"Zako za Bibi Harusi. Zilitolewa Jumamosi, zikawekwa halali. Umekaa kwenye ndege salama kuliko zote kanda hii."

"Umenidanganya!"

"Mimi? Nilikuuliza tu kama ina makelele."

Alitaka kumtemea mate. Hakuwa nayo. Kinywa kilikuwa kimekauka.

"Binti, mimi sikukukosea kitu. Hata sikujui."

"Kuna msichana alikaa saba A. Alikuwa anakwenda kuchukua gauni la harusi." Mackrine akamfungua mkanda taratibu. "Yeye hakupata wa kumwambia simamisha. Wewe umepata. Hiyo dakika moja uliyoisikia hapa, utalala nayo jela kila siku. Nimehakikisha umeijua."

Walimshusha akiburuta miguu. Kofia ya pama ilibaki sakafuni. Mama wa maparachichi akaikanyaga akipita, na hakuonekana kujutia.

*

Chini ya mti wa mkaratusi, abiria wa kweli wa Bibi Harusi walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa chai ya kitengo cha Athanasi, hawajui kitu zaidi ya kwamba ndege "inapimwa". Wakaanza kupanda. Mmoja alilalamika kwamba chai haikuwa na sukari.

Eliud alikuwa ngazini, mabega mekundu kwa vumbi.

"Dada, miezi minane unauza tiketi. Umewahi kupanda?"

"Sijawahi."

"Kiti kimoja kiko wazi. Na ripoti inatakiwa Mwanza."

Mackrine akamkabidhi Beretta. Akajifunga kitenge vizuri, akarudi ndani, akakaa saba A. Ngozi ilizama. Miguu ikanyooka yote. Akavuta mkanda.

Wa baridi. Kama nyoka.

Akapiga simu Ihembe.

"Mama, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko shambani, napalilia. Kuna nini?"

"Baada ya robo saa utasikia ndege. Usiingie ndani."

Upande wa pili, jembe likadondoka.

"Mackrine..."

"Usiingie ndani, mama. Tazama juu. Niko upande wa dirisha."

Akakata. Injini ya kushoto ikanguruma, ya kulia ikafuata. Bibi Harusi akageuka mwisho wa nyasi, akajirusha, na safari hii hakupunguza.

Magurudumu yalipoiacha ardhi, Mackrine aliisogeza punje ya kahawa kutoka shavuni.

Akaitafuna.